Kalibu ya Babu

Habari hii nimekaa nayo tangu Novemba 2023. Inamhusu mjomba wangu, na mjomba alinikataza kuandika chochote mpaka mambo yapoe. Juzi kanipigia simu akasema yamepoa. Haya.

Mwisho wa Oktoba mwaka ule nilikwenda Songea kikazi. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuwa anakuja kwenye Makumbusho ya Maji Maji tarehe 1 Novemba, na mhariri alitaka habari yenye "sura ya wananchi". Mimi nina ndugu Songea, ndiyo maana nikachaguliwa, si kwa kipaji. Nilitangulia siku mbili nikamsalimie mjomba, kaka yake mama, anayekaa kijijini, kama saa moja kwa bodaboda kutoka mjini. Kijiji gani, sisemi.

Nilimkuta barazani, gobore la babu limelazwa mbele yake kwenye mkeka kama mgonjwa. Mtakumbuka Serikali ilikuwa imetoa msamaha: kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31, mwenye silaha isiyo na kibali aisalimishe kwa hiari, hatashitakiwa. Mjomba alikuwa amezipoteza siku zote hizo anafikiri.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Umekuja vizuri. Kesho utanisindikiza."

Kwa wale waliozaliwa Sinza, gobore ni bunduki ya kushindilia mdomoni. Unamwaga baruti, unaweka tambara, unashindilia kwa mdeki, unatia risasi au goroli, unashindilia tena, kisha unapachika fataki kwenye chuchu yake huku nyuma. Unapiga mara moja. Kama nguruwe pori hajafa, hadithi yako imeishia hapo. Babu alilinda shamba la mahindi kwa chuma hicho, na mjomba baada yake, na hakuna kati yao aliyewahi kukikatia kibali.

Tulikwenda tarehe 31, siku ya mwisho yenyewe. Ofisini kwa mtendaji walikuwa wastaarabu kabisa. Wakaandika, wakapokea gobore, mdeki, na kikopo cha baruti. Mjomba akaweka sahihi. Njiani kurudi hakusema neno, akawa anatembea mkono wa kulia umekunjwa begani kana kwamba bado amebeba kitu.

Ya tarehe 1 mliyasoma kwenye magazeti. Steinmeier aliomba msamaha kwa waliyoyafanya Wajerumani katika vita ya 1905 hadi 1907. Alikutana na wajukuu wa Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa 1906, ambao hadi siku ile walikuwa wanauliza kichwa cha babu yao kiko wapi. Akasema watasaidia kukitafuta, lakini hakuahidi kwamba kitapatikana. Nikaandika, nikatuma, nikapanda bodaboda kurudi kwa mjomba nikiwa nimechoka kama punda.

Asubuhi ya tarehe 2 mjomba akanitolea kopo la Kimbo lenye kutu. Ndani kulikuwa na vipande viwili vya chuma vilivyofungwa kwenye kitambaa cha mafuta.

"Hiki nilikisahau," akasema. Sikumwamini, na yeye alijua siamini.

Ilikuwa kalibu ya kusubia risasi. Ukiunganisha vile vipande unapata kitu kama koleo, mikono miwili na vichwa viwili vinavyofumbana. Kila kichwa kina shimo la nusu mviringo. Vikifumbana unapata tundu zima la mviringo, na juu yake mlango mdogo wa kumiminia risasi iliyoyeyuka. Hapa lugha yetu inachanganya kidogo, kwa maana risasi ni ile madini laini ya kijivu, na risasi ni ile inayotoka kwenye bunduki. Kwa babu havikuwa vitu viwili. Aliiyeyusha jioni, akaipiga alfajiri.

Nikamwambia mjomba kwamba kutengeneza risasi bila kibali ni kosa, hicho nacho tukirudishe. Akaniuliza leo ni tarehe ngapi. Tarehe 2. Msamaha uliisha juzi. Nikanyamaza, nikawaza kitako cha mwandishi wa habari polisi, halafu nikawaza cha mjomba mwenye miaka sabini na kitu.

Kumbe alikuwa na mpango wake. Mkwewe ni mvuvi kule Mbamba Bay, Ziwa Nyasa, na anahitaji vizito vya nyavu, vile ambavyo watu wa pwani wanaviita chubwi. Kizito ni donge la risasi lenye tundu katikati ili kamba ipite. "Kalibu ninayo," akasema mjomba. "Tundu ndilo silijui. Wewe umesoma."

Nimesoma uandishi wa habari, jamani. Lakini tukakaa chini.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuiunganisha. Ribiti iliyoshika mikono miwili ilikuwa imeliwa na kutu ikakatika. Tulisugua kila kitu kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, tukatafuta bolti ndogo na nati kwenye mkebe wa baiskeli. Nilipokaza nati sana, kalibu haikufunguka. Nilipolegeza, vichwa vikawa vinacheza. Kwenye kichwa kimoja kuna vijino viwili vinavyoingia kwenye vishimo vya mwenzake ili visipishane, na kimoja kilikuwa kimepinda.

Mjomba hakuniruhusu kuyeyusha chochote kabla ya kujaribu kwa nta ya mshumaa. Ndivyo alivyofanya baba yake, akasema. Donge la kwanza la nta lilitoka na ngazi katikati, nusu ya juu imesogea upande kwa unene wa ukucha. Akalishika, akalizungusha, akasema, "Hii ingepasua mtutu." Akanyoosha kijino kwa nyundo, vigongo vitatu vidogo, akasikiliza kama anapima nazi. Tukaongeza washa chini ya nati. Donge la pili likawa na ngazi ndogo. La nne likatoka mviringo kabisa, na mstari mwembamba tu pale vichwa vinapokutana. Tukaielekeza kalibu juani tukiwa tumeifumba, mwanga haukupenya.

Akaiweka mapajani akaitazama muda mrefu. Nadhani hapo ndipo alipoaga gobore, si kule ofisini. Kalibu ile ilikuwa nzima kuliko ilivyowahi kuwa tangu babu afariki, na sasa ilibidi tuiharibu.

Maana ndiyo ilikuwa dawa ya lile tundu. Ukichimba mfereji kwa tupa kwenye nyuso za vichwa vyote viwili, kutoka ukingo mpaka ukingo kupitia katikati, spoku ya baiskeli inalala humo kalibu ikifumbwa. Unamimina, unaacha ipoe, unaichomoa spoku, unabaki na donge lenye tundu. Na kalibu yenye mfereji haitoi tena risasi ya bunduki. Nikamwelekeza tu, tupa sikuishika. Alichonga mwenyewe, polepole, akipuliza vumbi la chuma kila mara. Upande wa pili alipumzika mara mbili.

Mchana tukawasha jiko la mkaa nje, mbali na vyungu vya shangazi, kwa maana risasi ni sumu na moshi wake si wa kuvuta. Tulikuwa na vichwa vya betri mbovu za gari na vile vizito vya kusawazishia matairi alivyopata kwa fundi mjini. Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 tu, jiko la ugali linatosha. Inalegea, inazama, halafu ghafla inang'aa na kutembea kwenye kopo kama maji.

Kosa nilifanya mimi. Nilikuwa nimeiosha kalibu ile vumbi la tupa litoke, nikaifuta, nikaona imekauka. Kumbe tone lilibaki kwenye mfereji. Nilipomimina ilipiga kelele "pa!", risasi ikaruka, tone moja likatua juu ya kiatu likatoboa ngozi mpaka soksi. Nikaruka nikaangusha kijiko.

Mjomba alicheka mpaka akakaa chini. Ndiyo mara ya kwanza kucheka tangu nifike. "Wazee wetu waliambiwa risasi za Mjerumani zitageuka maji," akasema akifuta macho. "Wewe mjukuu wao umeyatia maji kwenye risasi!" Halafu akaacha kucheka, akaniuliza kama nimeungua, akataka kuona mguu.

Tukaikausha kalibu juu ya makaa, akaipaka moshi wa kibatari ndani ili risasi isigande ukutani. Madonge matatu ya kwanza yalikuwa na makunyanzi kwa sababu chuma kilikuwa bado cha baridi. Tukayarudisha koponi. Kuanzia la tano yakawa laini. Kufikia jua kuzama tulikuwa na vizito 42, na spoku mbili zilizopinda.

Mkwewe alikuja kuvichukua wiki iliyofuata, mimi nikiwa nimesharudi Dar. Nasikia alilalamika kwamba ni vyepesi, anataka vikubwa zaidi. Mjomba kamjibu kalibu ni hiyo hiyo.