Wimbo wa Baa Katika Matanga



Hapa Mabatini, turubai la msiba likishafungwa, sisi wa jumuiya tunaleta sufuria, kuni na rozari. Vijana wanaleta redio, na hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Mwaka huu, katika matanga ya binti aliyefariki akijifungua (mtoto yu hai, analelewa na bibi yake), kijana mmoja alipiga wimbo wa “Kifo” wa Remmy Ongala. Mwenzetu mmoja akainuka: “Zima hiyo, mwanangu! Hapa ni msibani, siyo baa.” Mama mfiwa, ambaye tangu makaburini hakuwa ametamka neno, akasema, “Mwacheni. Huyo ndiye anayesema yaliyo moyoni mwangu.”

Sisi tulio wauguzi tulimwelewa upesi. Wodini tumewaona wengi wakiambiwa wasilie, eti ni mapenzi ya Mungu, hata kabla marehemu hajafunikwa shuka. Mtu anameza uchungu wake, na baada ya wiki chache anarudi kwetu: kichwa kinauma, kifua kinabana, usingizi hauji. Dawa ya hiyo haimo kabatini.

Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Tanzania mwaka 1978, akavuma na bendi ya Super Matimila. Katika wimbo ule anamkabili Kifo kama mtu na kumshitaki. Je, ni upagani? Someni Wakorintho wa Kwanza, sura ya 15: Mtakatifu Paulo naye anamgeukia Mauti na kumhoji uso kwa uso. Someni pia Yohane, sura ya 11. Martha hakumpokea Bwana kwa maneno matamu. Alimwambia wazi kwamba kama angalikuwapo, ndugu yake asingalikufa. Bwana hakumkemea, na muda si mrefu yeye mwenyewe akalia.

Tofauti ipo, wala siyo ndogo. Remmy anamlalamikia Kifo, asiye na masikio. Martha anamlalamikia Bwana, naye anajibiwa. Lakini mfiwa anayezibwa mdomo atafikaje alipofika Martha? Sisi wa kandokando ya ziwa tunalijua swali hilo. Ukipanda daladala hapa kwenda Igoma, huko wamezikwa wengi waliokufa katika meli ya MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996. Zipo familia ambazo hazikupata hata mwili wa kuzika. Mama wa namna hiyo utamwambia anyamaze?

Remmy mwenyewe miaka yake ya mwisho aliacha dansi, akaimba nyimbo za Injili hadi alipofariki tarehe 13 Desemba 2010. Wapo wanaosema hapo ndipo alipoanza kumwimbia Mungu. Sisi tunadhani alikuwa njiani tangu zamani.

Siku hizi katika jumuiya yetu, kabla ya rozari, mfiwa anapewa nafasi ya kusema lolote, hata kulalamika. Yule mwenzetu bado anashikilia kwamba redio izimwe sala inapoanza, na katika hilo tumekubaliana naye. Tarehe 2 Novemba tutakwenda kumwombea yule binti kaburini kwake. Mama yake ameomba aanze kusema yeye, ndipo katekista afuate.