Mkia wa Neno

Fomu ya ridhaa ina kurasa mbili. Wa kwanza unaeleza utafiti unahusu nini, wa pili una nafasi ya jina na nafasi ya sahihi. Mzazi wa nne niliyemfikia Shishiyu aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama kwa heshima, kisha akanirudishia na kuniuliza kama nimebeba wino wa kidole. Nilikuwa nao. Akabonyeza gumba palipoandikwa sahihi, akalifuta kwenye khanga, tukaendelea kumenya viazi vya michembe.

Mzazi huyo ni rika langu. Tulianza darasa la kwanza siku moja, mwaka 2004, tukamaliza la saba siku moja, mwaka 2010. Miaka miwili ya mwanzo tulikaa dawati moja. Cheti chake cha kumaliza elimu ya msingi kipo, amekihifadhi kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi za kliniki za watoto. Hawezi kukisoma.

Shishiyu ni kata ya wilaya ya Maswa. Wakati tunasoma tulihesabiwa Shinyanga. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, makao makuu yakawa Bariadi. Barua ya kibali changu ilianzia huko Bariadi, kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikaja Maswa kwa Mkurugenzi, ikaishia kwa Mtendaji wa Kata, kila meza ikigonga muhuri wake. Mada iliyoandikwa juu ya barua ni mazingira ya shule na ufaulu wa wanafunzi. Ndani ya mkoba nilikuwa na dodoso la kuhesabu: madawati mangapi, vitabu vingapi, matundu ya vyoo mangapi. Viwango nimevikariri. Mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Tundu moja kwa wasichana 20, moja kwa wavulana 25. Sivibezi viwango hivi. Aliyewahi kusoma chini ya bati lisilo na dari anajua kwamba mvua ikianza, somo limekwisha. Mwalimu anaweza kupaza sauti mpaka mishipa ya shingo imtoke, wa nyuma wataona mdomo tu.

Lakini dodoso langu halikuwa na swali hata moja ambalo lingeeleza gumba la mwenzangu. Tuliingia shule ileile, tukahesabiwa kwenye uwiano uleule, tukakosa vitabu vilevile. Kama mazingira ndiyo yanayoamua, tungetoka sawa.

Tofauti yetu ilikuwa urefu.

Ada ya shule za msingi ilikuwa imeshafutwa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, uliokuwa ukitekelezwa tangu 2002, ulitujaza madarasani. Darasa letu lilipita watoto mia moja. Tulipofika la tatu mwalimu alitusimamisha nje, akatupanga kwa kimo, wafupi mbele na warefu nyuma, ili kila mmoja auone ubao. Ni busara kabisa, ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo. Mimi nilikuwa kafupi, nikapewa mstari wa kwanza. Mwenzangu alikuwa amerefuka ghafla kama mtama wa masika. Akaenda nyuma kabisa, karibu na mlango, akakaa huko mpaka la saba.

Sasa nieleze jinsi tulivyofundishwa, ingawa nadhani wasomaji wengi mliosoma shule za serikali mnajua. Mwalimu anasema nusu ya neno, darasa linamalizia. Makao makuu ya Tanzania ni Do...? Domaaa! Saba mara nane ni hamsini na...? Sitaaa! Kisha: tumeelewana? Ndiyooo! Darasa zima linatikisika. Mtu akipita barabarani na baiskeli yake anasema, kweli pale watoto wanasoma.

Nilimuuliza mwenzangu alikuwa anajibu nini. Aliweka kisu chini.

"Kichwa cha neno kilikuwa chenu ninyi wa mbele," alisema. "Mimi nilikuwa nasikiliza, nikikisikia nadaka mkia. Ninyi mkisema si, mimi nasema taaa."

Alicheka, na mimi nikacheka. Miaka mitano alidaka mikia ya maneno, na hakuna aliyegundua, kwa sababu sauti yake ilikuwa miongoni mwa zilizokuwa kubwa.

Kulikuwa na jambo la lugha pia. Nyumbani kwetu sote ni Kisukuma tu. Darasa la kwanza tuliingia tukijua "mwangaluka" na "wabeja", Kiswahili tulikisikia kwenye redio. Mtoto aliyekuwa mbele alimwona mwalimu akinyoosha kidole kwenye ubao, akaunganisha neno na kitu. Aliyekuwa nyuma alipata sauti bila kitu. Na kuuliza kwa Kisukuma hakukuruhusiwa. Ukikamatwa unavishwa kibao shingoni hadi ukamate mwingine. Hivyo aliyekuwa haelewi alikuwa na njia moja tu salama, nayo ni kuitikia na wenzake.

Hatukuwa peke yetu. Mwaka uleule tuliohitimu, 2010, utafiti wa Uwezo ulionyesha kwamba ni takriban watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu nchini walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha la pili. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulikuja kubadilishwa mwaka 2015 ili ujikite kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwaka huohuo ukatoka Waraka wa Elimu Namba 5, elimu bila ada ikaanza Januari 2016, na madarasa yakafurika tena kama enzi zetu.

Nilikaa wiki tatu nyuma ya madarasa ya shule moja ya pale kijijini. Kwenye kipindi kimoja cha dakika 40 cha darasa la nne nilijaribu kuhesabu maswali ya nusu neno, nikachoka baada ya arobaini. Mwalimu ni kijana, tunalingana umri. Sikumwona mvivu hata kidogo. Baada ya vipindi alinionyesha mlima wa madaftari mezani. Alisema akimsimamisha kila mtoto ajibu peke yake, hata kwa nusu dakika, kipindi kinakwisha kabla hajaandika tarehe ubaoni, na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne haumsubiri. Kiitikio ndicho chombo alichobakiwa nacho cha kuwafanya watoto wote hao wawe macho. Nilimwelewa. Nadhani hapa ndipo wengi tunapokosea tunapoandika kuhusu walimu: tunatenganisha mbinu na idadi, kana kwamba mwalimu alichagua moja bila kulazimishwa na nyingine.

Katika darasa hilohilo yumo binti wa mwenzangu. Amerithi kimo cha mama yake. Yuko mstari wa mwisho, upande wa mlango.

Siku ya viazi mwenzangu aliniomba nimwambie mwalimu amsogeze mtoto mbele. Nikamwambia mzazi ni yeye, aende mwenyewe, ana haki hiyo. Alinyamaza kidogo. "Pale ofisini kuna kitabu cha wageni," alisema. "Wanakupa kalamu."

Miongozo ya utafiti inataka mtafiti aangalie bila kuingilia. Kesho yake asubuhi nilimsindikiza, nikaandika majina yetu wawili kwenye kitabu, nikakaa kwenye benchi nje wakati anaongea. Nilimsikia akieleza kwa Kiswahili kizuri, cha mtu aliyejifunzia mnadani na kwenye mizani ya pamba. Mwalimu alimjibu kwamba akimweka mtoto mrefu mbele, watano nyuma yake hawataona ubao. Wakazungumza muda mrefu. Mwishowe mwalimu akasema atajaribu kuzungusha mistari, kila Jumatatu wa nyuma waje mbele, na warefu wakae pembeni ukutani.

Jumatatu ile kulikuwa na vumbi na kelele nyingi, robo ya kipindi iliishia kwenye kuhamisha mabegi. Mwalimu alianza somo la sehemu akiwa ameshachelewa. Aliandika mfano, akaugawa duara kwa mistari, akauliza kama wameelewa, darasa likaitika ndiyo. Kisha akamwonyesha kidole binti aliyekuwa sasa karibu naye kabisa, ukutani, na kumwambia amalizie mfano unaofuata.

Alisimama. Wenzake wakaanza kumsaidia kwa sauti, kama kawaida. Mwalimu akainua mkono, wakanyamaza. Tulisikia mbuzi nje. Mtoto aliutazama ubao, akamtazama mwalimu, akashika ncha ya sketi yake.

"Mimi sijaelewa, mwalimu," alisema.

Mwalimu akachukua kitambaa, akafuta lile duara, akachora lingine kubwa zaidi.