Aliyelaumu Maji ya Ugenini

Mficha maradhi, walisema wahenga, kifo humuumbua. Kila mtu mzima aijua methali hii, na wengi huwaonya vijana kwayo. Lakini wachache huikumbuka siku maradhi yanapowafika wao wenyewe, na wachache zaidi huikumbuka wakiwa ugenini, ambako hakuna mama wa kuona sahani ikirudi jikoni na chakula chake. Karani mmoja wa Pangani, katika Tanzania, aliijua methali hiyo tangu utoto wake, na hata hivyo aliyaficha maradhi ya tumbo kwa muda wa miezi minane katika mji wa Eldoret, nchini Kenya. Habari yake yafaa kujulikana, maana makosa aliyoyafanya ni makosa ya watu wenye akili timamu, wala si ya wajinga.

Alifika Eldoret mwezi wa Februari mwaka 2018, akiwa na kibali cha kazi mfukoni na sweta moja jepesi mwilini. Kazi yake ilikuwa kuandika daftari za malori yapitayo hapo kwenda Malaba na kuingia Uganda. Mji ule haufanani hata kidogo na pwani. Uko juu ya uwanda wa Uasin Gishu, kadiri ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, kati ya mashamba makubwa ya mahindi na ngano. Makaburu kutoka Afrika ya Kusini walifika katika uwanda huo mwaka 1908, na mahali pale pakajulikana kwa namba ya shamba, yaani sitini na nne kwa Kiingereza. Jina la Eldoret likatolewa mwaka 1912. Hata leo, ingawa mji ulipewa hadhi ya jiji mwaka 2024, wenyeji huuita Sisibo kwa kuikumbuka namba ile.

Karani alipanga chumba pembezoni mwa mji, katika nyumba ya mama mmoja mzee wa Kikalenjin aliyefuga ng'ombe wawili nyuma ya ua. Wapangaji wote walimwita Kogo, ndiyo kusema bibi. Asubuhi ya kwanza karani alimwamkia kwa adabu ya kwao, "Shikamoo, Bibi." Yule mama akacheka, akampa mkono, akajibu, "Chamgei." Tangu siku hiyo kila mmoja aliamkia kwa desturi yake, na hakuna aliyechukia.

Mwezi wa Juni, baridi ilipozidi, maumivu yakaanza. Yalikuja saa nane za usiku, chini kidogo ya kifua, kama kaa la moto lililowekwa ndani. Akila kipande cha mkate yalitulia. Baada ya saa mbili tatu yalirudi. Mchana alijaa gesi, na chakula kilimchukiza kabla hajakionja.

Mtu aliye ugenini huwa tayari kuishtaki nchi ya watu, na karani hakukosa mshtakiwa. Kwanza alilaumu maji. Akayachemsha, akayachuja, akayachemsha tena, wala nafuu haikuja. Kisha akasikia kwamba katika nchi za juu maji huchemka kabla ya kufika digrii 100. Ni kweli, kwa Eldoret huchemka karibu na digrii 93, na kwa sababu hiyo maharage hukawia sana jikoni. Lakini joto hilo latosha kabisa kuua vijidudu vya maradhi katika maji ya kunywa. Karani alishika nusu ya habari, akaanza kulaumu maharage kwamba hayakuiva. Baada ya maharage akalaumu ugali mgumu wa bara. Baada ya ugali akalaumu mursik, yale maziwa ya kuganda yanayotunzwa katika kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti uitwao senetwet, ambayo Kogo alimpa bilauri moja kila Jumapili kwa ukarimu. Aliyakataa kwa maneno ya upole, na yule mama akadhani ya kuwa mtu wa pwani hapendi maziwa.

Hivyo kila mwezi ulikuwa na mshtakiwa mpya, na hakuna hata mmoja aliyepatikana na hatia.

Wakati huo alikuwa akitumia dawa, tena dawa iliyomwangamiza. Kwa sababu ya kuinama juu ya daftari mgongo ulimuuma, naye alizoea kununua vidonge vya kutuliza maumivu, vile vya jamii ya diklofenaki na ibuprofeni, katika duka moja la dawa lililokuwa njiani. Tumbo lilipoanza kuuma alizidisha vidonge vile vile, akidhani kwamba maumivu yote ni ndugu. Hakuulizwa dukani anaumwa nini, wala yeye hakusema. Vidonge hivyo vina kazi yake njema, lakini hupunguza ule utando laini unaokinga ukuta wa tumbo usichomwe na tindikali. Mtu mwenye kidonda tumboni akivimeza kila siku ni sawa na mtu anayeezua paa lake mwenyewe wakati wa masika.

Nyumbani Pangani hakuna aliyejua neno. Kila Ijumaa alimpigia mama yake simu, na kila Ijumaa alisema, "Mimi mzima, Mama, shikamoo, sina neno." Sababu ya kuficha haikuwa kiburi. Mdogo wake wa kike alikuwa katika shule ya sekondari, na fedha za mahitaji yake zilitoka katika mshahara wa Eldoret. Karani alijua ya kwamba mama akisikia habari ya ugonjwa atamwambia arudi; naye akirudi, yule binti ataacha shule. Basi akachagua kunyamaza, na kunyamaza huko akakuita uvumilivu.

Mwezi wa Januari mwaka 2019 mkanda wake wa suruali ulihitaji tundu jipya. Mwezi huo huo aliona choo chake kimekuwa cheusi mfano wa lami, akajiambia kwamba ni mboga alizokula. Wiki moja baadaye alipanda ngazi za ofisi, macho yakaingia giza, akaketi chini kati ya ngazi. Aliwaambia wenzake kwamba hakulala vizuri usiku.

Jioni ile Kogo alimkuta ameegemea mlango wa zizi. Akamtazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kijana, ng'ombe wangu akikataa majani siku mbili, namwita daktari wa mifugo. Simwulizi ng'ombe kama ni mzima. Wewe nimekuona unakataa chakula tangu wakati wa baridi mpaka mahindi yamevunwa, na kila nikikuuliza wasema mzima. Kesho tutakwenda hospitali, mimi na wewe."

Karani alitaka kumjibu kuwa ana kazi nyingi. Badala yake machozi yakamtoka, na ile ndiyo mara ya kwanza katika miezi minane kumwambia mtu mwingine, "Bibi, naumwa."

Hospitalini daktari alimwuliza maswali mengi, na baada ya kusitasita alimweleza yote, pamoja na vidonge vya mgongo na choo cheusi. Daktari alikunja uso aliposikia habari ya choo, akamweleza kwamba weusi ule ni damu iliyovuja tumboni ikachakaa njiani. Akapimwa, na kweli damu yake ilikuwa imepungua. Akapitishiwa kooni mpira mwembamba wenye taa na kamera, na kidonda kikaonekana mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Kipimo kingine kikaonyesha kijidudu kiitwacho helikobakta pailori.

Kijidudu hiki kina historia yake. Zamani iliaminika kwamba vidonda vya tumbo hutokana na wasiwasi na pilipili, na wagonjwa waliambiwa wapumzike na kunywa maziwa. Kumbe maziwa hutuliza kwa muda mfupi tu, kisha tumbo hutoa tindikali zaidi. Mwaka 1982, katika mji wa Perth huko Australia, madaktari wawili, Barry Marshall na Robin Warren, waligundua kwamba kijidudu hiki huishi ndani ya tumbo, mahali ambapo wataalamu wengi waliamini kwamba hakuna kiwezacho kuishi. Hawakusadikiwa. Mwaka 1984 Marshall alikunywa kwa makusudi maji yaliyojaa vijidudu hivyo, na baada ya siku chache tumbo lake likavimba ndani na kumwumiza. Mwaka 2005 yeye na Warren walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Lakini neno lililomshangaza karani kuliko yote ni hili. Daktari alimwambia, "Bwana, kwa kawaida kijidudu hiki humwingia mtu akiwa mtoto mdogo, katika nyumba ya wazazi wake, kwa mate au kwa uchafu wa choo unaofika kinywani. Yakadiriwa kwamba karibu nusu ya watu wa dunia wamekuwa nacho, na wengi wao hawaugui kamwe. Yamkini wewe ulikuja nacho kutoka kwenu, na vidonge vya mgongo vikakiongezea nguvu."

Basi maji ya Eldoret hayakuwa na kosa. Ugali na maharage havikuwa na kosa, na bilauri ya Kogo pia haikuwa na kosa. Mgeni alikuwa ameleta mshtakiwa wake mwenyewe, amemfunga ndani ya mwili, akampitisha mpakani bila kujua.

Alipewa dawa mbili za kuua vijidudu na moja ya kupunguza tindikali, azitumie siku 14 bila kuruka hata mara moja, na akakatazwa vile vidonge vya mgongo. Dawa zile zilimwachia kinywani ladha kama ya chuma. Siku ya tisa maumivu yalikuwa yamekwisha kabisa, naye akafanya kosa lake la mwisho: akaziweka zilizobaki kabatini. Baada ya wiki kadhaa alirudi kupimwa kama alivyoagizwa, na kijidudu bado kilikuwapo. Ikambidi aanze upya kwa dawa nyingine, kwa gharama nyingine, maana kijidudu kisichomalizwa hujifunza kuishinda dawa iliyokigusa.

Safari hii Kogo hakumwachia nafasi. Kila asubuhi na kila jioni alisimama uani akauliza, "Umemeza?" Karani alimaliza siku 14 zote. Mwezi wa Julai mwaka 2019 alipimwa tena, na tumbo lilikuwa safi.

Kabla ya hapo, Ijumaa moja, alikuwa amemweleza mama yake habari yote. Mama alinyamaza hata akadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Mwanangu, ulidhani ukinyamaza mimi nitalala? Miezi yote hii nasikia sauti yako inapungua, nami sijui nimwombe Mungu akuponye nini." Hakumwambia arudi. Alimwuliza jina la yule bibi aliyempeleka hospitali, ili apate kumtaja katika dua zake. Na yule binti hakuacha shule.

Yako mafundisho mawili katika habari hii, na yanafaa kwa mkulima shambani sawa na karani mezani. La kwanza ni kwamba uvumilivu ni wa namna mbili. Uko uvumilivu wa kunyamaza, nao huyalisha maradhi. Na uko uvumilivu wa kumeza dawa chungu mpaka kidonge cha mwisho hali mwili umekwisha kupata nafuu. Wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza, nao ndio uponyao. La pili ni kwamba si kila ovu litupatalo ugenini ni la ugenini. Afadhali mtu asiyapoteze masiku yake kwa kuwashtaki wenyeji na vyakula vyao. Amwite mmoja wao amweleze yanayomsibu.

Ikiwa mtu ana maumivu ya tumbo yasiyokwisha, asijitibu kwa vidonge vya dukani, bali aende apimwe. Na akiona choo cheusi kama lami, au akitapika damu, asingoje kesho. Kukonda bila sababu na chakula kukwama kooni ni dalili zisizofaa kudharauliwa pia.

Karani yule alibaki Eldoret. Jumapili hunywa mursik, ingawa si bilauri nzima. Na asubuhi akitoka kwenda kazini humwamkia Kogo kwa sauti, "Chamgei!" naye yule mama, ambaye sasa amejifunza, humwitikia kutoka zizini, "Marahaba."