Swali Nililotoka Nalo Manguredjipa

Agosti 2019 niliondoka kwetu Manguredjipa, mashariki mwa Kongo, alfajiri, nyuma ya pikipiki, begi nimelipakata. Ada ya muhula wa kwanza ilitoka kwenye magunia ya kakao ya papa. Hadi Butembo ni kama kilomita 100, lakini mvua ilikuwa imenyesha. Malori mawili yalikuwa yamezama hadi ekseli, vijana wakiyachimbua kwa majembe.

"Shuka, mdogo wangu, tusukume," dereva akasema.

Nikasukuma, macho yangu njiani. Hapakuwa na mtaro hata mmoja. Maji yalikuwa yamejichimbia mkondo katikati ya barabara.

Wenzangu wengi walibaki Butembo, Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kusomea sheria, tiba na kilimo. Mimi nilikuwa nimepata nafasi ya uhandisi wa ujenzi Kampala.

Toka Beni, kila kizuizi tulishuka kunawa maji ya klorini na kupimwa joto kwenye paji la uso. Ebola ilikuwa bado inaua. Kasindi, mpakani na Uganda, nikavuka daraja la mto Lubiriha kwa miguu. Ng'ambo, magari hupita kushoto na saa husogezwa mbele saa moja. Mama muuza ndizi akanisalimu kwa Kikonjo, nikamjibu kwa Kinande, tukaelewana bila shida.

Kuelekea Kasese mvua ikatukuta tena, mara hii juu ya lami. Nilibandika uso kwenye kioo. Maji yaliteremka pande mbili, yakaingia mitaroni, yakapita chini ya barabara ndani ya kalavati, yakaishia bondeni. Basi halikupunguza hata mwendo.

Darasani Kampala, hesabu za ubaoni nilizielewa. Kiingereza ndicho kilichonishinda, maana nilisomeshwa kwa Kifaransa. Nikapiga mistari daftarini, safu tatu: Kiingereza, Kifaransa, Kiswahili. Neno la kwanza nililoandika lilikuwa kalavati.

Mwaka 2021 Uganda na Kongo zilianzisha mradi wa kutia lami kilomita 80 za Kasindi–Beni na 54 za Beni–Butembo. Njia ya Manguredjipa haimo.

Kijana wa kwetu Bapere unayetaka kwenda nje kusomea uhandisi: kabla ya kufunga begi, itembee barabara ya kwenu mvua ikinyesha, uone maji yanapita wapi. Swali hilo nenda nalo, na jibu lake urudi nalo nyumbani.