Kompyuta ya kijana wangu ilikuwa inazima

Kwa wiki mbili kijana wangu alikuwa akishuka ngazi amenuna. Kompyuta yake ya gemu, aliyoiunga mwenyewe kwa fedha za kazi ya Jumamosi, ilikuwa ikizima ghafla katikati ya mchezo. Mimi nilikuwa natoka zamu ya usiku ghalani, macho mazito, na kila nikimwuliza kuna nini ananijibu, "Baba, ni mambo ya kompyuta tu." Yaani hayakuhusu.

Tanga nilikuwa fundi umeme kwa miaka 11. Hapa Milton Keynes cheti changu hakikunipatia kazi hiyo, nikaenda kubeba maboksi. Watoto wangu wamekua wakinijua kama mtu wa maboksi, na siwalaumu.

Jumapili moja nikapanda chumbani kwake bila kuitwa. Nilianza kushuku soketi. Plagi za hapa ni zile zile za pini tatu bapa tulizozizoea nyumbani, zenye fyuzi ya ampea 13 ndani. Kwa volti 230 hiyo ni karibu wati 3,000, na birika letu la chai linakula kiasi kama hicho kila asubuhi bila kukata kitu. Basi ugonjwa ulikuwa ndani ya kompyuta.

Akanieleza, kwanza kwa shingo upande. Ana kadi mbili za grafiki, GTX 1080 Ti za mwaka 2017, zote za mtumba. Kila moja hula wati 250. Prosesa wati 95. Hapo tayari ni 595, bado feni, diski na vingine. Pawa saplai yake, nayo ya mtumba, imeandikwa 650.

"Si inatosha, Baba?"

Kwenye karatasi inatosha. Lakini kadi hizi hazili umeme kwa utulivu. Kwa sehemu ndogo sana ya sekunde hupanda juu ya kiwango chake, kisha hushuka. Zikipanda zote mbili kwa pamoja, pawa saplai hujikinga kwa kuzima. Nilimtolea mfano wa mashine ya kusaga: mota inapoanza huvuta umeme mwingi kuliko ikishazunguka, na fundi asiyeacha nafasi kwa ajili hiyo ataitwa kila siku.

"Sasa mbona gemu mpya, ambayo ndiyo nzito, haizimi? Inazima ile ya zamani."

Hapo alinibana. Nikaleta mita yangu ndogo ya kuchomeka ukutani. Gemu ya zamani ilipanda hadi wati 700 na kidogo, ikazima. (Ukutani husomeka zaidi kwa sababu pawa saplai yenyewe hupoteza umeme kidogo kama joto.) Gemu mpya ikasimama kwenye 430. Kumbe kadi ya pili ilikuwa imelala!

Usiku ule alisoma mwenyewe, akanisimulia. Mbinu ya kuunganisha kadi mbili, ambayo NVIDIA iliiingiza sokoni mwaka 2004 kwa jina la SLI, hugawa kazi: kadi hii ichore picha moja, ile ichore inayofuata. Lakini lazima draiva na gemu viwe vimeandaliwa kwa hilo, na kuanzia Januari 2021 kampuni iliacha kuongeza mipangilio mipya kwa kadi kama zake. Hata kumbukumbu haijumlishwi. Kila kadi ina gigabaiti 11, ila zote mbili hubeba nakala ile ile, hivyo gemu inaona 11 tu, si 22. Aliposema hilo sauti ilimpotea. Alikuwa amefanya kazi Jumamosi nyingi kwa ajili ya kadi ile.

Ningemwachia hapo, ila nilikuwa nimegusa waya. Kila kadi ya aina hii inataka plagi mbili za umeme, ya pini 6 na ya pini 8, na pawa saplai yake ilikuwa na za kutosha kadi moja tu. Ya pili aliilisha kwa adapta za bei rahisi zilizonyonya umeme kwenye waya wa diski. Adapta moja ilikuwa ya moto, plastiki yake imeanza kugeuka kahawia. Nilipaza sauti mpaka mama yake akaja mbio. Wadogo zake wanalala chumba cha pili, na kompyuta ile huachwa ikiwaka usiku akipakua gemu.

Nilimwambia akitaka kubaki na kadi mbili anunue pawa saplai ya wati 1,000 yenye waya zake kamili, nami nitachangia. Alifikiri siku mbili. Akaichomoa kadi ya pili mwenyewe, akaiuza. Gemu ya zamani imepungua kasi, hilo anakiri, lakini anasema picha haigugumii kama mwanzo. Na haijazima tena.

Juzi nimerudi kazini nikamkuta ananingoja jikoni, chai ameshaichemsha.

"Shikamoo Baba. Kuna rafiki yangu, yake nayo inazima. Anauliza kama Jumamosi utaweza kumwangalizia."

Nikamwuliza ana kadi ngapi.

"Moja. Lakini waya sijaziona."

Nikamwambia aende akanishushie mita.