Duma sio kelele za wazungu

Nikiweka Duma kwa spika hapa Naro Moru, jibu ni lile lile: "Zima hiyo kelele ya wazungu." Sawa, ni kelele, hiyo siwezi kataa. Mwanzo mpaka mwisho kuna msee anapiga nduru, gita inanguruma, na ngoma za kompyuta zinakimbia kuliko matatu za Nanyuki. Shida yangu ni hiyo "ya wazungu".

Tuanze na jina. Kama unajua Kiswahili tu, utadhani ni yule mnyama wa mbio. Zii. Imetoka kwa nduma ya Kikuyu, yaani giza. (Sio ile nduma ya kuteremsha na chai, tafadhali.) Martin Khanja na Sam Karugu walitoka kwa bendi za metal za Nairobi, zile zinapiga shoo watu wengi hawajui kama zipo. Albamu yao ya kwanza ilitoka Agosti 2020, na walioitoa ni Nyege Nyege Tapes wa Kampala. Uganda, manze. Si sisi.

Halafu Sub Pop ya Marekani ikawatolea singo. Kama hiyo jina haikushtui, ngoja nikwambie. Nirvana walianza 1987 huko Aberdeen, mji mdogo wa wakata mbao wenye mvua nyingi. Singo yao ya kwanza, "Love Buzz", ilitoka Novemba 1988 kwa Sub Pop hao hao, santuri 1,000 pekee. Januari 1992 albamu yao Nevermind ilikuwa imemtoa Michael Jackson kwa namba moja Marekani. Ile klabu ya singo iliyofunguliwa na "Love Buzz" ndiyo hiyo hiyo Duma waliingia, na jina lao la Kikuyu.

Sasa nielezeni kitu. Wazee wetu wanaimba Kenny Rogers na Don Williams neno kwa neno, wengine na kofia ya kauboi kichwani. Don Williams ni mtu wa Texas! Hakuna siku nimesikia mtu akisema azimwe kwa sababu si wa kwetu. Na gita ya umeme inayopiga mugithi haikuota Karatina. Kwa hivyo tuseme ukweli: hamkatai muziki wa nje. Mnakataa muziki unaosikika kama mtu amekasirika. Wa kulia mapenzi kwa upole, huo ni wetu kabisa.

Lakini hasira si kitu kigeni huku. Khanja, ambaye siku hizi anajiita Lord Spikeheart, alitoa albamu ya The Adept 2024, na ndani yake anamkumbuka Field Marshal Muthoni wa Kirima, anayemwita nyanya yake mkuu. Huyo ni Muthoni wetu wa Nyeri, aliyepigana msituni na Mau Mau, akakaa na rasta zake mpaka zikanyolewa Aprili 2022. Alituacha Septemba mwaka uliofuata. Ukiniambia nduru za huyo jamaa hazina uhusiano na huu mlima, tutabishana mpaka usiku.

Anza na "Lionsblood". Kama unaishi na cucu, tafuta hedifoni kwanza.