Kivumbasi: Mfukuza Mbu, Mwita Nyuki

Mashairi yetu yana maua machache kuliko tunavyodhani. Tuyahesabu: asumini, waridi, kilua, mkadi, mlangilangi, na rehani ambayo husifiwa kwa jani kuliko ua. Yote ni maua ya pwani, au yaliyoshushwa pwani. Kiswahili kilipopanda bara na misafara ya karne ya 19, kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Unyanyembe, kilikuja pamoja na mizigo ya shanga na vitambaa, na maua yake nayo yalikuwa yamefungwa humohumo. Ndiyo maana, miaka yote niliyofundisha ushairi mkoani Tabora, niliwasomea wanafunzi sifa za asumini nao wakanijibu kwa beti za waridi, ua ambalo wengi wao hawajapata kulinusa. Na nje ya dirisha la darasa kivumbasi kilikuwa kimechanua.

Nimekusudia kukitetea kivumbasi.

Hapa Lusu, wilayani Nzega, mahali ambapo wageni wamepajua kwa dhahabu ya mgodi wa Golden Pride ulioanza uzalishaji mwaka 1998, kivumbasi huota kando ya njia, kwenye mahame, pembezoni mwa mashamba na ndani ya ngitili. Kwa msomaji wa mbali, ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma na Wanyamwezi hulifunga wakati wa mvua, mifugo isiingie, ili nyasi zisimame mpaka kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulilirudishia neno hilo heshima hata katika nyaraka za serikali. Kwa maoni yangu Kiswahili sanifu kilipokee bila kusita, kwa maana “uwanda wa nyasi uliohifadhiwa” ni maelezo, si jina.

Kivumbasi ninachokisema ni kichaka kinachoweza kufikia kimo cha mtu, nacho hudumu miaka kadhaa. Ukikikata baada ya kuchanua, huchipua upya mvua zikirejea. Ni ndugu wa mrehani, lakini harufu yake ni kali zaidi, na ndani yake mna kitu cha karafuu. Hilo si dhana ya pua tu. Mafuta ya vivumbasi vingi vya aina hii yana eujenoli, kiini kilekile kinachoipa karafuu ya Unguja na Pemba harufu yake. Sikio langu husikia pia ujirani kati ya kivumbasi na uvumba. Sikio si ushahidi, najua. Lakini mshairi haishi kwa ushahidi peke yake.

Mwulize mtu yeyote kivumbasi ni cha nini, naye atakujibu kwa kitenzi kimoja: kufukuza. Hufukuza mbu, matawi yakitupwa juu ya makaa jioni. Hufukuza wadudu waharibifu, majani makavu yakichanganywa na maharage ghalani. Hufukuza mafua, mtu akijifukiza. Lugha imelipa jani haki yake yote, na ua ikalisahau. Basi kaa karibu nalo saa tatu asubuhi, mvua zinapoelekea kwisha. Maua ni madogo, meupe yaliyofifia, yamepangwa duara juu ya duara kuuzunguka ubua, kwa kawaida sita kwa kila duara. Utawaona nyuki wa mzingani, utawaona nyuki wadogo wasiouma, utawaona wale weusi wakubwa wanaotoboa mbao, na vipepeo. Mmea uleule unaofukuza mbu kwa jani huita nyuki kwa ua.

Msimu huohuo ndio wetu wa kufyeka. Kijana mmoja wa jirani alipita kwangu na panga lake.

“Shikamoo, mwalimu. Nikusafishie haya magugu?”

“Marahaba. Si magugu hayo, ni kivumbasi.”

“Nakijua, mwalimu. Lakini kimeshachanua. Hakina kazi tena.”

Sikumlaumu. Ameyapokea maneno hayo kwetu sisi wakubwa: kiua kikitoka, jani hukomaa na kupungua ulaini, na kwa kuwa jina la mmea limefungwa kwenye jani, mmea wenyewe huhesabiwa umekwisha. Wapo pia wanaofyeka kwa kuogopa nyoka, na hofu hiyo naiheshimu; karibu na mlango nami nafyeka. Lakini Nzega si tena nchi ya msitu mnene. Palipobaki miombo, mtundu na muva bado huwalisha nyuki. Hapa kwetu miti mingi imegeuka mashamba na mkaa, na nyuki hana budi kuishi kwa vinavyosalia pembezoni. Tukivifyeka navyo, tusishangae boga changa likigeuka njano na kudondoka: ua jike la mboga halipati chavua kutoka ua dume lisipoletewa na mdudu.

Kukiotesha si kazi. Mbegu ni ndogo mno. Zinyunyize juu ya udongo wenye unyevu, uzibonyeze kidogo kwa kiganja, usizifukie. Au kata kijiti wakati wa mvua, ukichomeke ardhini. Mimi nimekipanda mstari mmoja kando ya ua wa nyumba (neno “ua” hapa linanicheka), na kila kichaka nakigawa: upande mmoja nachuma majani, upande wa pili nawaachia nyuki hadi mbegu zikauke.

Kwa upande wa ufundi, washairi hatuna udhuru. Kivumbasi ni mizani nne, sawasawa na asumini. Mahali lilipokaa moja, la pili litakaa. Kina cha “si” hakina uhaba: nafasi, wepesi, kiasi, wasiwasi, kasi. Tunayo pia “chavua” na “mbochi”, maneno mazuri mno kuachiwa vitabu vya baiolojia peke yake. Mbochi ndiyo ile tamu anayoifuata nyuki kwenye ua kabla haijawa asali, na sijui kwa nini washairi wa mapenzi wamekimbilia asali moja kwa moja wakairuka.

Atakayetunga tarbia ya kivumbasi kilichochanua, si cha kufukuzia mbu, apite Lusu aisome barazani. Mbegu zipo, nimezifunga katika karatasi za mitihani ya zamani, na kila kifurushi kinatosha kuzunguka nyumba.